Wifi, Funga Mlango

Ubao wa matangazo wa Kitivo cha Insia ulikuwa umejaa mpaka pembeni. Lilikuwa juma la mihadhara. Jumatano, mjadala juu ya tafsiri. Alhamisi, kongamano la historia ya miji, chai itatolewa. Ijumaa alasiri, katika ukumbi mkubwa, mhadhara wa kumzindua Profesa mpya wa fasihi simulizi: "Wifi Katika Nyimbo za Maombolezo: Hasimu Anayefunga Mlango." Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya Profesa mwenyewe, ameshika kidevu kama mtu anayeumwa jino kwa heshima.

Pembeni kabisa, nusu yake imefunikwa na tangazo la chai, palikuwa na karatasi ndogo yenye mpaka mweusi. Bi Taratibu aliinua tangazo la chai kwa kidole akasoma. Kitivo kinasikitika kutangaza kifo cha mhadhiri wake mstaafu, kilichotokea kwa ajali ya moto katika maktaba ya sauti. Ratiba ya mihadhara haitabadilika.

"Usiling'oe, dada," alisema mwanamke nyuma yake, pini zimebanwa midomoni. "Gundi yenyewe ya kuombaomba."

Huyo alikuwa Mratibu wa matukio ya kitivo, mwanamke mnene mwenye haraka, ambaye kwa siku mbili Bi Taratibu alikuwa amemfikiria kuwa ndiye mchomaji.

"Bado mnazunguka?" Mratibu aliuliza akitema pini kiganjani. "Si mmeshamkamata Waya?"

"Tumemkamata."

"Basi."

"Basi nini?"

Bi Taratibu akanyamaza. Jina lake hilo alipewa na wapelelezi wenzake kituoni polisi, kwa sababu aliuliza swali moja pale wenzake walipouliza kumi, kisha akakaa kimya mpaka aliyeulizwa akaona aibu kuuacha ule ukimya peke yake.

"Najua unachofikiri," Mratibu alisema. "Ni kweli kile chumba nilikitaka. Nimekiomba kwa maneno, nimekiomba kwa machozi. Wageni wetu wanakaa koridoni kama wagonjwa wa kliniki, na kumbe kuna chumba kizima kimejaa kanda ambazo hakuna azisikilizaye isipokuwa bibi mmoja. Lakini mtu hachomi nyumba kwa kutaka sebule. Jumapili ile nilikuwa mlangoni mwa ukumbi tangu asubuhi, naandikisha wageni wa juma la mihadhara. Waulize."

"Nimeshawauliza."

"Wakasemaje?"

"Wakasema uliwagombeza."

Mratibu alicheka, kisha akakumbuka ile karatasi yenye mpaka mweusi, akakiziba kicheko kwa kiganja. Alipoondoka, lile tangazo la chai lilikuwa limeshuka tena mahali pake.

Njia hiyo ilikuwa imefungwa. Ilibaki ile moja ambayo kila mtu kituoni aliiona nyeupe, na Bi Taratibu peke yake hakuipenda.

*

Waya alikuwa fundi mitambo wa maktaba ya sauti, mwanamume wa makamo aliyepata jina kwa kazi yake na kwa umbo lake. Walimtoa mahabusu wakamkalisha kwenye chumba cha mahojiano, chenye meza moja na dirisha lisilofunguka.

"Umekula?"

"Mke wangu kaleta. Hakishuki, afande."

"Nieleze tena habari za Jumapili."

"Nimeeleza mpaka ulimi umeota sugu. Bi Kanda alikuja. Akaingia. Nikamfungia kwa ufunguo kama anavyotaka, nikaenda kumtazama mama yangu. Niliporudi nikakuta moshi."

Bi Kanda ndilo jina ambalo chuo kizima kilimwita marehemu. Maisha yake yote ya kazi alizunguka na mashine ya kunasa sauti, akikusanya nyimbo za kilio, na hata baada ya kustaafu hakuacha kuja.

"Kwa nini alitaka afungiwe?"

"Walikuwa wanamsumbua. Huyu kaja kumwomba aseme neno la ukaribisho, huyu kaja kuuliza chumba atakiachia lini. Akasema, 'Nifungie, Waya, wapate kudhani nimekufa.'" Waya aliuma mdomo. "Ndivyo alivyosema. Sikuyatunga."

"Na mlikuwa mmegombana."

"Tuligombana. Kulikuwa na kanda moja haionekani. Majuma mazima anaitafuta, rafu kwa rafu. Akanishutumu mimi nimeipoteza. Nami nikakasirika, nikapaza sauti, watu wakasikia. Sasa wanasema ni chuki."

"Kanda ya nini?"

"Hakusema. Alisema ni ya kwao, ya nyumbani."

"Nieleze habari ya viatu."

Waya aliinua kichwa. Kati ya wote waliomhoji, hakuna aliyewahi kuuliza habari ya viatu.

"Mle mtu haingii na viatu, ni amri yake. Vumbi ni ugonjwa wa kanda. Hata mkuu wa chuo alipokuja alivua, soksi ina tundu, sote tukaangalia dari." Alitaka kutabasamu, ikashindikana. "Bi Kanda alivua makubadhi yake pale nje, akaingia. Nilipokwisha kufunga nikayachukua, nikayaweka katikati ya mlango, yameangalia huku. Akitoka atumbukize miguu tu, asiiname. Mgongo ulikuwa unamtesa."

"Katikati ya mlango. Una uhakika?"

"Kila siku nayaweka hapo."

"Mlango unafunguka kuelekea wapi?"

"Nje. Ndiyo maana nikija kumfungulia nayasogeza kwanza, la sivyo mlango unayakwangua."

Mlinzi aliyefika wa kwanza kwenye moshi alikuwa ameeleza kwamba makubadhi aliyakuta kando, ukutani, yamekaa sambamba kama yamewekwa dukani. Yeye hakuyagusa; alikimbilia mlango, akaukuta umefungwa kwa ufunguo, akauvunja. Bi Kanda alikuwa amelala nyuma ya mlango huo, moshi umeshammaliza.

"Ufunguo wa pili uko wapi?"

"Ulipotea kabla sijaajiriwa, afande. Zamani maktaba ilikuwa inatunzwa na wanafunzi wake. Nani anajua."

Koridoni Mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri, jalada liko kwapani.

"Jumatatu huyu anapandishwa mahakamani kwa kuua," alisema. "Kafunga mlango. Kakiri kafunga mlango. Mtu kafia nyuma ya mlango. Unataka nini tena, ngoma ipigwe?"

"Kuna mtu aliyasogeza makubadhi, mzee."

"Makubadhi!"

"Mlango usingefunguka bila kuyakwangua. Kuna mtu alikuja baada ya Waya, akayasogeza, akafungua, akafunga tena."

"Au Waya ni mwongo."

"Mwongo angejisogezea uongo unaomsaidia. Yeye hata hajui kwamba habari hii inamsaidia."

Mkuu wa kituo alilisukuma jalada kwapani. "Jumatatu," alisema, akaenda zake.

Nje ya lango, mke wa Waya alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi, bakuli tupu mapajani. Alisimama tu Bi Taratibu alipopita, kisha akakaa tena.

*

Binti wa marehemu alikuwa nesi, na alimpokea mgeni kwa ile adabu ya manesi ambayo haimwachi mtu asogee karibu. Sebule ilikuwa na viti vingi vya kuazima, na sasa havikuwa na watu. Kwenye kochi la pembeni alikaa mama mmoja mtu mzima, amejifunika khanga mpaka mabegani, anachambua mchele ambao haukuwa na haraka ya kuchambuliwa.

"Huyu ni mkaza mjomba wangu," binti alisema. "Mke wa kaka yake mama. Amebaki kunishikia nyumba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemnyonga huyo kijana?"

"Bado, mama. Si rahisi namna hiyo."

"Kwa mama ilikuwa rahisi," binti alisema. Aliketi ukingoni mwa kiti. "Nimeambiwa viatu vyake viko kwenu."

"Ni kielelezo cha kesi."

"Ni viatu. Mwili nilipewa siku ya pili, viatu mnaninyima. Nilimnunulia mimi kwa mshahara wangu wa kwanza. Alivivaa mpaka visigino vikalala, nikimnunulia vingine anavigawa."

Bi Taratibu akauliza, "Alikwambia anatafuta kanda?"

"Aliniambia kwa simu. 'Kanda ya mjomba wako haionekani.' Alikuwa analia. Mama hakuwa mtu wa kulia. Mimi nikamwambia, mama, nina wagonjwa, tutaongea." Akayakunja mapindo ya gauni lake la kazi, akayakunjua.

"Kanda ya mjomba ni ipi?"

Aliyejibu ni yule mama wa kwenye kochi. "Ni yangu. Mimi ndiye niliyelia mle." Aliweka ungo chini. "Mume wangu alipokufa, kabla hawajaja kumwosha, wifi yangu aliniuliza kwa staha kabisa. Wifi, niwashe? Nikamwambia washa. Huenda huko mbele mtu akajua kwamba huyu naye aliishi. Basi nikaimba yote, ya kwetu na ya kwao."

"Mlikuwa nani na nani chumbani?"

"Mimi na yeye. Na marehemu kitandani."

"Kuna nakala nyingine, mama?"

"Hakuna. Nilimkataza. Nilisema kilio changu si kitambaa cha kukatwa vipande, kikae kimoja. Akashika neno langu. Wengine walipomshawishi aweke zile kanda kwenye kompyuta, hiyo hakuitoa. Hata jina hakuiandika, aliitia nambari tu."

"Alishika neno lako," binti alisema, "na mimi sikumsikiliza hata lake moja."

"Nyamaza, mwanangu."

"Sinyamazi. Nataka huyo Waya aoze huko aliko."

Bi Taratibu aliinuka. Mlangoni alivaa viatu vyake polepole, kwa sababu binti alikuwa anavitazama.

*

Alasiri ile alikwenda ukumbi mkubwa. Hakuwa na sababu nzito. Profesa alikuwa mwanafunzi wa Bi Kanda zamani, na Bi Taratibu alikuwa bado hajamuuliza habari za enzi za wanafunzi kutunza maktaba. Alimkuta jukwaani akijaribu vipaza sauti, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, huku Mratibu akiburuta viti.

"Moja, mbili. Mnanisikia nyuma?"

"Tunakusikia mpaka barabarani," Mratibu alisema.

Profesa alimwona Bi Taratibu akashuka kumpa mkono. Mkono wake ulikuwa laini na baridi. "Ni pigo," alisema. "Mama yetu yule. Na kanda zote! Kazi ya maisha. Kesho nitaanza kwa kumkumbuka kwa dakika ya kimya."

"Hakuna iliyookoka?"

"Hata moja. Kwa bahati utafiti wangu mimi niliufanya mwenyewe, na kanda zangu ziko nyumbani kwangu. Ngoja, usikie kidogo. Mratibu, bonyeza."

Spika zilikoroma, kisha sauti ya mwanamke ikaujaza ukumbi. Haikuwa sauti ya jukwaani. Ilipanda, ikakatika, ikaokota pumzi, ikaendelea. Mratibu aliacha kiti alichokuwa anakiburuta. Sauti ilimwita mtu aliyelala, ikamwuliza nani atamfungia ng'ombe, nani atamjua mbwa wake kwa jina. Kisha, bila kuuacha wimbo, kwa tuni ile ile:

*Wifi, funga mlango, vumbi linaingia. Wifi ee, funga mlango.*

Mle kwenye kanda mlango wa mbao ukalia. Kukawa na nyayo mbili tatu, na sauti ikaendelea na kilio chake.

"Hapo!" Profesa aliinua kidole. "Mjane yuko katikati ya kilio na bado anamwona hasimu wake ndani ya ukoo. Wifi ndiye anayefunga mlango. Mlango ni kaburi, na vumbi ni urithi unaogombaniwa. Hakuna mtafiti aliyewahi kuliona hilo. Ndilo lililonipa uprofesa."

"Na ule mlango unaolia?"

"Kelele za mazingira. Nimejaribu kuzisafisha, hazitoki."

Bi Taratibu aliitazama spika kama mtu anayengoja iseme zaidi. "Kesho naruhusiwa kuuliza swali?"

"Swali la kwanza ameshapewa mhadhiri msaidizi," Mratibu alisema. "La pili ni la mgeni wa heshima."

"La tatu?"

"La tatu huwa halifikiwi," Mratibu alisema. "Lakini chukua."

*

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi walikuwa wameletwa madarasa kwa madarasa, na walimu wao wakakaa milangoni ili wasitoroke. Bi Taratibu alikaa nyuma kabisa. Kuliani kwake alikaa binti wa marehemu, ambaye hakuambiwa kwa nini ameitwa. Kushotoni, mkaza mjomba.

Wakasimama dakika ya kimya, ambayo Profesa aliifupisha. Kisha akazungumza vizuri. Hata Bi Taratibu alikiri kwamba mtu yule alijua kuzungumza. Ilipofika zamu ya wimbo, taa zikapunguzwa, na ile sauti ikaujaza ukumbi kama jana.

Yule mama hakusema neno. Aliushika mkono wa Bi Taratibu, akaubana, akaendelea kuubana mpaka mlango wa mbao ulipolia kwenye spika.

"Ndiyo yenyewe?" Bi Taratibu alinong'ona.

"Ni mimi," alisema. "Mume wangu yumo humu na watu hawa wote."

Binti aligeuka kumtazama, kisha akalitazama jukwaa. Bi Taratibu alimwekea mkono begani, kumzuia.

Kanda ile peke yake ilitosha kuthibitisha wizi. Lakini jana usiku Mkuu wa kituo, kwa simu, alikuwa ameuliza swali la maana: je, Profesa akisema alipewa na marehemu? Akisema alikuwepo siku ile, msaidizi wa mwalimu wake, amebeba mashine? Tena, kama angesema alikuwa na mwenzake mwanamke kwenye utafiti, hata lile neno la wifi lingempa pa kutokea. Ilibidi ajifungie njia zote mwenyewe, mbele ya watu.

Makofi yalipoisha, mhadhiri msaidizi alisimama na kuuliza iwapo Profesa angeweza kueleza zaidi ukubwa wa mchango wake. Profesa aliweza. Mgeni wa heshima akasimama, hakuuliza kitu, akasimulia alivyofaulu shuleni. Kisha Mratibu, kwa uso wa mtu anayetimiza ahadi kwa majuto, akapeleka kipaza sauti nyuma.

"Ahsante, Profesa," Bi Taratibu alisema. "Mimi si mtu wa fasihi. Nilitaka kujua tu, siku ulipouchukua wimbo huu, mlikuwa wangapi mle chumbani?"

Profesa alitabasamu. Lilikuwa swali la mtu wa kawaida, na alijua namna ya kuwatendea wema watu wa kawaida.

"Wawili tu. Mimi na mwimbaji."

"Hukuwa na msaidizi? Mwalimu wako, labda?"

"Dada yangu, kuna watafiti wanaofuata nyayo za walimu wao, na kuna wanaofungua njia. Nyimbo hizi nimezitafuta mwenyewe, nimezinasa mwenyewe, kwa mkono huu. Hakuna aliyenishikia hata waya."

Walipiga makofi. Mwenye kuanzisha alikuwa mhadhiri msaidizi.

"Basi," Bi Taratibu alisema, "yule mama alikuwa anamwita nani wifi?"

"Hamwiti mtu. Ni taswira."

"Na taswira ikainuka, ikaenda kufunga mlango?"

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi wa nyuma, kikashuka safu kwa safu. Msichana mmoja akapaza sauti, "Jamani, mwanamume anaitwaje wifi? Si shemeji huyo!" na ukumbi ukaangua kicheko kizima. Profesa alitabasamu pamoja nao, akachelewa kuacha kutabasamu.

Yule mama alikuwa amesimama. Hakuhitaji kipaza sauti. Kila aliyekuwa mle alikuwa ameshaisikia sauti ile, na alipoanza kusema, kicheko kikakatika chenyewe.

"Wifi yangu alikuwa amekaa pembeni na mashine yake. Upepo ukausukuma mlango, vumbi likawa linamwingia mume wangu usoni. Nikamwambia afunge. Akaenda akafunga. Sikuwa nagombana na mtu." Akamtazama Profesa kwa muda, bila hasira. "Wewe baba sikukuona pale."

*

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba cha kupumzikia wasemaji, chenye kioo, chupa za maji na maua ya plastiki. Profesa alikaa akafungua kifungo cha juu. Askari wawili walibaki nje ya mlango.

"Ni kosa la kitaaluma," alisema. "Silikatai. Kuna kamati ya maadili, itakaa, itaamua. Halihusu polisi."

"Kanda hii ilikuwa moja tu duniani. Bi Kanda alikuwa anaitafuta kabla ya moto. Uliitoa kwa ufunguo gani?"

"Nilikuwa msaidizi wake. Ufunguo alinipa mwenyewe."

"Ukasema umepotea."

"Ulipotea. Kisha nikauona." Alikunywa maji. "Nilichukua chache. Nne au tano, zilizonifaa."

"Na zilizobaki?"

"Zilikuwa zinaoza hata hivyo. Hakuna aliyezisikiliza isipokuwa yeye."

"Yeye angekaa safu ya mbele leo," Bi Taratibu alisema. "Angesikia sauti ya wifi yake. Kanda zikiungua zote, angesema kitu, lakini asingekuwa na cha kuonyesha, hata pengo la nambari yake rafuni. Ungesema bibi amezeeka, anachanganya."

Profesa alikizungusha kizibo cha chupa.

"Jumapili ulirudi."

Ukimya ukawa mrefu. Ukumbini viti vilikuwa vinakunjwa, na mtu alikuwa anacheka kwa mbali. Bi Taratibu alikaa ndani ya ule ukimya kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Sikujua kama yumo," Profesa alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Naapa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nani anakaa ndani akafungiwa kwa nje? Yeye alikuwa nyuma kule, kwenye rafu za mwisho. Sikumwona wala sikumsikia. Nilidhani nachoma karatasi na kanda. Nilidhani hakuna mtu."

"Makubadhi yake yalikuwa katikati ya mlango."

Aliganda, chupa iko mkononi.

"Mlango ule unafunguka nje," Bi Taratibu alisema. "Kama ungeufungua tu ukayakwangua, ningekubali kwamba hukuyaona. Kama ungeyapiga teke, ningesema ulikuwa na haraka. Lakini yalikutwa ukutani, sambamba. Uliinama, ukayachukua kwa mikono, ukayapanga. Ulijua ni ya nani."

Profesa aliitazama mikono yake. Alipozungumza, ilikuwa kana kwamba anaeleza jambo ambalo kila mtu mwenye malezi analijua na linamshangaza kuulizwa.

"Alikuwa mwalimu wangu," alisema. "Viatu vya mwalimu havisogezwi kwa mguu."

Mlango uligongwa. Mratibu aliingiza kichwa, anahema, karatasi ya rangi ya dhahabu mkononi. "Profesa, cheti chako. Na watu wa picha wanauliza kama..." Akaona pingu mkononi mwa Bi Taratibu. Alibaki amesimama na cheti, hajui amkabidhi nani.

Bi Taratibu alimtoa Profesa kwa mlango wa nyuma, akamkabidhi kwa askari, akampigia simu Mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo Waya," alisema, "ataachiwa kesho, karatasi zikisainiwa. Mwambie mkewe." Kisha akaongeza kwamba kitivo kimeshapiga simu: maktaba ya sauti haitajengwa tena, kwa hiyo kazi ya fundi nayo haipo.

Koridoni, kwenye moja ya vile viti vya wageni, binti wa marehemu alikuwa amekaa peke yake. Mkaza mjomba alikuwa ameomba kusikia kanda yake mara moja tena kabla haijachukuliwa, na kutoka kwenye ukumbi mtupu sauti yake ilikuwa inawafikia kidogo kidogo.

"Nilikuwa nataka Waya aoze," binti alisema.

"Nilikusikia."

"Alimpangia mama viatu kila siku, na mimi sikujua." Alifuta uso kwa kiganja, kinesi, mara moja tu. "Basi sasa imekwisha. Si utanipa viatu vyake?"

Bi Taratibu alikaa kiti cha pili. Safari hii ukimya ulikuwa wake, na hakuupenda.

"Mpaka leo kituoni waliviona viatu tu," alisema. "Sasa ndivyo ushahidi wenyewe, ndiyo kwanza hutapewa."